Funguo Thelathini na Saba

Kijiji hiki hakijawahi kushindwa na serikali hata siku moja. Sababu yake si ushujaa. Serikali ilikuwa haijawahi kuja. Ilipokuja, ilikuja na mtu mmoja, kalamu moja na viatu visivyofaa njia za huku, na kabla jua halijafika utosini kazi ilikuwa imekwisha.

Jemadari wa vita vile alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka sitini na kitu. Hicho kitu usimuulize. Watu walimwita Bi Mkasi, wengi wakisema ni kwa ajili ya kazi yake, na waliowahi kugombana naye wakisema ni kwa ajili ya mdomo wake. Alishonea chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukitazama kituo cha basi, na basi lenyewe lilipita Jumanne na Ijumaa, likiamka vizuri.

Kwa hiyo kila aliyehama kijiji alipita kwake. Mtu hawezi kungoja basi saa mbili nzima bila kugundua kwamba kifungo kimelegea au mkanda wa begi umefumuka. Anaingia, anakaa kwenye benchi, Bi Mkasi anamshonea, na pale anapoinamia uzi kuukata kwa meno, yule mtu anaweka ufunguo juu ya meza ya cherehani.

"Nishikie tu, mama. Mwezi ujao nakuja kuangalia bati."

Bi Mkasi anapigilia msumari ukutani, anautundika. Misumari ya kwanza aliipanga kwa nafasi, ipendeze. Ya baadaye ikabidi aibananishe. Siku ninayoanzia mimi, funguo ukutani zilikuwa thelathini na saba, na nyumba zenye watu kijijini thelathini na nne. Bi Mkasi aliishia darasa la tano, lakini hesabu hiyo haikumpa taabu. Ukuta ulikuwa umekipita kijiji.

Waliohama waliacha na nguo pia. Suruali ya harusi ya kijana aliyekwenda kuoa mbali na suruali ya kuazima. Sare za shule za mtoto ambaye sasa ana ndevu. Gauni la kijani la mpwa wa mumewe, aliyesema atalifuata Ijumaa, ila hakutaja ya mwaka gani. Zote zilikuwa zimekunjwa ndani ya magunia chini ya meza ya kukatia, na vidonge vya kufukuza nondo.

Mumewe alilala chumba cha nyuma, kitanda kikiwa chini ya dirisha. Alikuwa mwashi. Nusu ya nyumba za kijiji zilipita mikononi mwake, pamoja na nyingi kati ya zile thelathini na saba, na sasa mtu aliyepanda kuta za watu miaka arobaini hakuweza kufika chooni bila kushikwa. Alikuwa na sukari. Kisiginoni mwa mguu wa kushoto kulikuwa na kidonda ambacho ungeweza kuweka yai la kuku lisidondoke. Kila baada ya siku moja nesi wa zahanati alikuja na trei yake, akakiosha, akakifunga, akaenda zake. Kwa miezi kumi kidonda hakikupona, wala hakikuendelea mbele, na katika nyumba ile hilo lilihesabiwa ushindi.

Daktari wa hospitali kubwa alikuwa amemvuta Bi Mkasi pembeni, kwenye korido, akamwambia bila kuzunguka. "Mama, kidonda hiki kikikosa kusafishwa vizuri wiki mbili, mguu tutaukata. Na mzee wa umri huu, na sukari hii, tukishaukata, mara nyingi hatumalizi naye mwaka."

Maneno hayo Bi Mkasi aliyashonea ndani, upande usioonekana. Mumewe hakuambiwa. Mtoto wao wa pekee, fundi bomba mjini, aliambiwa kwa simu. Alikuwa na vyumba viwili ghorofa ya nne, na watu sita ndani yake.

"Tutajipanga, mama," alisema.

Tutajipanga ni neno zuri. Halina tarehe.

Barua ilibandikwa kwenye mlango wa zahanati Jumatano. Nesi ndiye aliyeibandika, na ndiye aliyeisoma kwa sauti, kwa sababu maandishi yalikuwa madogo na macho ya kijiji yalikuwa makubwa kwa umri. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtu pekee kwa miaka mingi aliyekuja kukaa huku akitoka kwingine. Barua ilisema kijiji chenye kaya chini ya sitini, zahanati yake itafungwa na huduma zitahamia kijiji cha ng'ambo ya kilima. Huko ni mwendo wa saa nne kwa mtu mwenye miguu miwili mizima. Karani atakuja kuhesabu Ijumaa ya wiki inayofuata. Kaya ni moto jikoni, maji ndani, na mtu wa kujibu.

Jioni ile watu walijaa chumba cha Bi Mkasi mpaka wengine wakakaa juu ya magunia ya nguo za waliohama.

"Moto tunao," Bi Mkasi alisema. "Maji tunayo. Nyumba ndiyo usiseme, tumebaki nazo za kugawa. Kinachopungua ni watu tu, na mtu ndiye kitu rahisi kuliko vyote kukidanganya."

"Kumdanganya," alisahihisha mwalimu mstaafu kutoka kwenye kona.

"Na wewe utakuwa wa kwanza, mwalimu. Nakupa nyumba ya ndugu wawili, ile yenye ngazi."

"Bi Mkasi, mimi nimefundisha watoto wa kijiji hiki miaka thelathini wasiseme uongo."

"Wako wapi?"

Mwalimu aliutazama ukuta wa funguo. Halafu akauliza kama ile nyumba ina dirisha lenye mwanga wa kusomea.

Mpango ulikuwa hivi. Mke na mume waachane kwa siku moja, mmoja abaki kwake, mwingine achukue ufunguo. Kaya zinatakiwa ishirini na sita juu ya zilizopo. Bi Mkasi alitoa ishirini na nane, kwa sababu nguo nzuri huachiwa pindo. Kila mtu awashe moto, ajaze ndoo, aanike nguo uani. Nguo atazitoa yeye.

"Mimi nipeni nyumba ya mbali," alisema mke wa mwokaji mikate. "Kuachana huku nimekuomba miaka ishirini."

"Mbali na mimi au mbali na tanuri?" mwokaji aliuliza.

"Nyote mnanuka moshi."

Walicheka. Hata nesi alicheka, ingawa alikuwa amesimama mlangoni kama mtu asiyetaka kuonekana amesikia.

Bi Mkasi hakucheka. Aliwajua watu wake. Mwezi uliopita lori la mtu mpita njia lilizama gurudumu kwenye tope, na kabla dereva hajazima injini kijiji kizima kilikuwa kimemzunguka na majembe na magogo. Yule bwana alitoa saa yake na pochi yake na kuomba wamwachie roho. Walimsukumia lori, wakamrudishia saa, wakampa na mkate wa njiani. Hivyo ndivyo walivyokuwa. Hata ukipiga chafya nyumba ya chini, wa nyumba ya juu anakuletea blanketi.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "Ijumaa kila mtu akae nyumba niliyompa. Mtu asitoke. Hata kama nyumba ya jirani inaungua."

"Hata ikiungua, wifi?" aliuliza dada wa mumewe, mwanamke mwembamba mwenye sauti nyembamba, ambaye hakuna neno lililopita bila yeye kulitilia chumvi.

"Iungue kwa adabu. Karani akishapita, tutazima."

Alhamisi, siku moja kabla ya karani, alimwosha mumewe mgongo, naye akimpa maagizo kama yuko kazini. Bomba la moshi la nyumba ya kisima linarudisha moshi ndani, wafungue dirisha kwanza. Mlango wa nyumba ya fundi baiskeli umevimba, upigwe teke chini.

"Nyumba ya ndugu wawili, ngazi za nyuma," alisema. "Kipandio cha tatu. Nilikijenga nina homa, hakikushika vizuri. Nilikusudia kurudi."

"Mwalimu atapita mbele."

"Mimi sikumaliza kazi ya mtu hata moja vibaya. Ila hiyo." Akageuza uso akatazama dirisha. "Mke wangu, usiwasumbue watu kwa ajili ya mguu wangu. Umeshanibeba vya kutosha."

"Nani amekutaja wewe? Nafanya kwa ajili ya nesi. Atapata wapi tena kijiji chenye vidonda vizuri hivi?"

Mwashi alicheka mpaka akakohoa. Bi Mkasi alimkausha mgongo taratibu, akaukausha tena mahali palipokwisha kukauka.

Ijumaa asubuhi, saa mbili, alisimama katikati ya barabara kuangalia kazi yake. Moshi ulikuwa unapanda kutoka nyumba sitini na mbili. Kamba zilikuwa zimejaa. Sare za shule zilipunga mikono yake midogo, suruali ya harusi ilipiga mateke hewani, na nyuma ya madirisha yaliyokuwa vipofu kwa miaka, vivuli vilipita na masufuria. Kijiji kilikuwa kama kilivyokuwa yeye alipoolewa. Ukifumba jicho moja.

Wifi yake alikuja kusimama karibu yake. Gauni la kijani lilikuwa uani mwa nyumba aliyopewa yeye, nalo lilikuwa la binti yake wa mwisho.

"Ulilipunguza kiuno," alisema wifi.

"Alisema amekonda."

"Hakuniambia mimi." Akapangusa uso kwa upande wa kanga. "Moshi huu."

"Rudi ndani, wifi. Basi linakuja."

Karani alishuka peke yake. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye bahasha kubwa na viatu vya ngozi vya soli laini, kama vya kuendea ofisini. Alisalimia vizuri. Alimshika Bi Mkasi mkono kwa mikono yake miwili na kumwita mama, na Bi Mkasi akamchukia palepale, kwa kuwa mtu mwenye adabu ni vigumu kumdanganya ukalala vizuri.

Walianza chini, wakipanda. Nyumba ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tano ilikuwa ya mwokaji, aliyepewa nyumba ya binamu yake aliyehama.

"Umekaa hapa muda gani, mzee?"

"Tangu ju..." mwokaji alisema, akamwona Bi Mkasi nyuma ya bega la karani. "Tangu jumba hili lilipojengwa."

Karani aliitazama ile nyumba ya vyumba viwili. Aliandika.

Nyumba ya kumi na moja, iliyokuwa yao wenyewe, alikuwepo mke wa mwokaji, amejifunga kitambaa cheusi kichwani kwa hiari yake mwenyewe. Hakuna aliyemwagiza.

"Unaishi na nani, mama?"

"Peke yangu, mwanangu. Mume wangu alishatangulia."

"Pole sana. Zamani?"

"Kwangu mimi," alisema huku akishusha macho, "ni kama leo asubuhi."

Bi Mkasi alikazana kukohoa. Karani alisema pole mara ya pili, akanywa maji aliyopewa, akaandika. Kila nyumba alikunywa maji, maana kila nyumba ilimpa, na kufika nyumba ya kumi na tisa alikuwa na maji ya kutosha kumwagilia bustani. Bi Mkasi alianza kuamini. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza siku ile. Alikwisha kuanza kuhesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa gauni, na kumwona nesi akija na trei mwaka huu, na mwaka kesho, na kisigino kikifunga taratibu kama tundu la kifungo.

Nyumba ya ishirini ilikuwa ya ndugu wawili. Mwalimu alikuwa amekaa dirishani na kitabu, akijibu kabla ya kuulizwa. Karani aliandika, akashukuru, kisha akasema, "Samahani mama, choo kiko nyuma?"

Maji yale yote.

"Kiko," alisema Bi Mkasi, akaonyesha njia, na akili yake ilikuwa tayari nyumba ya ishirini na moja, inafungua dirisha. Alikumbuka kipandio cha tatu alipokisikia.

Kilitoka kizima, kama jino. Karani alianguka nacho mpaka chini kwenye mawe, akabaki pale mguu umekunjwa upande ambao mguu haukunjwi, mdomo wazi, bila sauti. Bahasha ilifunguka, karatasi zikaanza kutembea na upepo.

Na Bi Mkasi, aliyekaa wiki nzima akiwatisha watu na nyumba zinazoungua, aliona mtu ameumia chini, akafungua kifua.

"Jamani, njooni. Njooni, mtu ameumia."

Aliita mara mbili. Ya pili ilipokuwa inatoka alikwisha kujua alichofanya, lakini haikurudi.

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Hao wahenga hawakuwahi kukaa huku.

Walitoka. Ungeweza kusikia milango, mmoja baada ya mwingine, kutoka juu hadi chini ya kijiji. Wifi alikuja na blanketi. Mwokaji alikuja na kiti begani. Mtu alikuja na mlango wa kubebea mgonjwa, aliokwisha kuung'oa kwenye bawaba zake. Walikuja na ndoo, na mto, na shuka la kuchana, na wale wasio na cha kubeba walikuja wakikimbia na mikono mitupu, mbele yao. Bi Mkasi alisimama juu ya ngazi akipunga mikono kama anayefukuza kuku. Alitaka warudi. Walidhani anawaharakisha, wakaongeza mbio.

Ndani ya dakika chache karani alikuwa amekalishwa kwenye kiti, ana mto mgongoni, blanketi mapajani, mguu kwenye beseni. Nesi alifika na trei, akapiga magoti, akaubonyeza mguu pale na pale. "Haujavunjika," alisema. "Umeteguka." Akaanza kuufunga bandeji. Mke wa mwokaji alishika beseni, na mwokaji alimshika mkewe kiunoni asiteleze. Kitambaa cheusi kilikuwa kimemwangukia shingoni.

Karani aliwatazama wale wawili.

"Mama," alisema kwa upole, "huyu ndiye marehemu?"

Mke wa mwokaji alitazama beseni. "Ndiye."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza mwenyewe. Karani alizungusha macho, uso kwa uso. Alimwona wa nyumba ya kwanza na wa nyumba ya pili, na nyuso ambazo alikuwa hajazifikia. Waliokota karatasi zake wote, na kila mmoja alikuwa amemshikia moja, wakimnyooshea. Kisha aliinua macho juu ya vichwa vyao, akautazama moshi. Moto usio na mtu haudumu. Nguzo moja ilikuwa inakatika, nyingine ikawa nyuzi, na nyumba moja baada ya nyingine ilikuwa inarudia rangi yake.

"Wengine wako wapi, mama?" alimuuliza Bi Mkasi.

"Shambani."

"Wote?"

Mwalimu alifungua mdomo, pengine atamke sentensi iliyonyooka, halafu akaufunga.

Karani alimngoja nesi amalize fundo la bandeji.

"Nimehesabu vijiji vingi," alisema. "Kuna kimoja niling'atwa na mbwa, wenyewe wakiwa dirishani wananitazama. Kilikuwa na kaya mia na tisini. Wao wanabaki na zahanati." Aliipokea karatasi yake moja kutoka mkono mmoja, na nyingine kutoka mkono mwingine. "Ningeweza kuandika sitini. Mkono wangu wala usingeuma. Lakini mwezi ujao atakuja mkaguzi kunikagua mimi. Kila karani ana karani wake."

"Huyo mkaguzi naye tutamwokota," alisema wifi.

"Najua, mama. Ndiyo shida."

Alimuuliza kila mmoja analala wapi kweli, akaandika thelathini na nne. Aligeuza karatasi akamwonyesha Bi Mkasi, asije akafikiri amemficha. Zahanati itafungwa mwisho wa mwezi, alisema, na nesi atahama na kabati la dawa. Alilisema hilo akimtazama nesi, naye nesi alikuwa anapanga mikasi yake kwenye trei, akiipanga na kuipangua.

Walimbeba kwa kiti mpaka kituo cha basi, wanne wanne, wakipokezana, na kila mtu alitaka zamu yake. Walimpa mkate. Walimpa mto aende nao. Basi la kurudi lilipoondoka walipunga mikono mpaka vumbi likatua. Halafu wakarudi wakafunga milango ya nyumba za watu, wakamwaga maji, wakaanua nguo, na mmoja mmoja walipita kwa Bi Mkasi kurudisha funguo. Hakuna aliyemlaumu. Hata mmoja. Mwokaji alisema poleni na kazi. Wifi alipofika na ufunguo wake, gauni la kijani likiwa limekunjwa mkononi, alikaa kwenye benchi kidogo.

"Usingeita wewe, ningeita mimi," alisema.

"Lakini niliita mimi."

"Ungefanyaje, wifi? Umwache mtoto wa watu kwenye mawe?"

"Ndiyo," alisema Bi Mkasi. "Ningemwacha. Kwa nusu saa tu. Ningemwacha."

Wifi alimtazama, hakutia chumvi yoyote. Aliliweka gauni juu ya meza ya cherehani, akaondoka.

Bi Mkasi alitundika funguo zote, kila moja kwenye msumari wake, bila kukosea. Alikwenda uani akanawa uso. Aliandaa chai. Aliivaa sura yake mlangoni kama mtu anavyovaa kofia, akaingia chumba cha nyuma.

Mumewe alikuwa ameegemea mto, blanketi mpaka kifuani.

"Haya, jemadari. Ngapi?"

"Sitini na mbili," alisema, akiweka kikombe. "Ameandika kwa wino."

"Zote?"

"Na pindo lake."

"Na ile ya kisima, moshi haukurudi ndani?"

"Walifungua dirisha, kama ulivyosema. Karani akasimama pale akaupapasa ukuta. Akauliza nani alijenga hapa. Akasema huyu hakuwa na haraka."

Mwashi alifumba macho. Maneno yale yalimkaa vizuri usoni, na Bi Mkasi akaona afadhali angalau hilo, akaongeza kwamba karani aliliandika pia kwenye karatasi, pembeni. Mumewe alimwacha aendelee. Alimwacha afike mpaka kwenye kuagana na basi. Ndipo akaingiza mkono chini ya blanketi, akatoa boksi la karatasi ngumu, akaliweka juu ya mapaja.

Lilikuwa limejaa bandeji. Kulikuwa na chupa tatu za dawa ya kuoshea, pamba, na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, kama za mtoto wa darasa la kwanza, ili mtu mwenye macho mabovu aweze kuzisoma. Kwanza, nawa mikono.

"Nesi amepita nje, dirishani, mlipokuwa mnaanua nguo," alisema mumewe. "Ni akiba yake yote, asingeruhusiwa kuiacha. Anasema wewe una mkono wa sindano, utajifunza. Alikuwa analia. Nikamwambia asilie mbele yako, una kazi."

Bi Mkasi alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikisoma kile kikaratasi chote, mpaka chini, ambapo paliandikwa kwamba kikibadilika rangi, au kikinuka, mgonjwa apelekwe haraka. Haikusemwa apelekwe wapi.

"Thelathini na nne," alisema.

"Ndiyo."

"Alianguka. Viatu vyake vilikuwa na soli mbovu."

"Kipandio cha tatu."

"Viatu, nimekwambia."

Mwashi alikinyanyua kikombe. Alikunywa chai yake. Nje mtu alikuwa anaburuta mlango ule uliong'olewa, akiurudisha kwenye bawaba.

"Lakini kuanguka kwake si kitu," alisema. "Wangekaa ndani kama mlivyopanga, angejikongoja akaendelea. Watu wasingetoka bila kuitwa. Nani aliita?"

Bi Mkasi aliona uzi mweupe kwenye gauni lake, akauokota, akauzungusha kidoleni.

"Dada yako," alisema. "Si unamjua mdomo wake."

Mumewe aliweka kikombe chini taratibu, asimwage.

"Dada yangu ana sauti nyembamba," alisema. "Ile niliyoisikia mimi imeniita kula miaka arobaini na mmoja."